Baiskeli Isiyofunguka

Fundi mageti hakuwa na imani na nati. Mtaa mzima ulilijua hilo. Ukimpelekea kiti kilicholegea, atakutazama kama umemletea mgonjwa aliyetibiwa kwa waganga wa uongo, atang'oa nati zote, atazitupa kwenye kopo, atavaa miwani yake nyeusi na kuchomelea. Kiti hakitalegea tena mpaka kiama. Hakitafunguka pia, lakini hilo halikuwahi kumnyima fundi usingizi.

Kitanda chake mwenyewe alikichomelea humohumo chumbani, kipana, cha bomba nene. Siku walipohama ndipo ikagundulika kwamba kitanda ni kikubwa kuliko mlango. Mtu mwingine angekata kitanda. Yeye alibomoa mlango, akakitoa, kisha akamjengea mwenye nyumba mlango mpya na geti juu yake, bila kumdai kitu. "Kazi yangu siikati," alisema. Shemeji yake, dereva wa lori aliyekuja kubeba vyombo, akamwambia watu washukuru Mungu hakusomea ukunga.

Mkewe alikuwa akipiga pasi mashuka hospitalini. Hukohuko ndiko walikokutana, fundi akiwa bado anajifunza kazi kwa mjomba wake, alipotumwa kwenda kuchomelea toroli la mashuka lililovunjika mguu. Msichana wa pasi alisimama karibu yake, mikono kiunoni, akamwuliza kama toroli litapona au wakalichimbie kaburi. Likapona. Fundi alirudi wiki iliyofuata kulitazama, na iliyofuata tena, ingawa halikuwa na maradhi yoyote, mpaka mkuu wa idara akamwambia aoe au aache kupotezea watu muda. Akaoa.

Ukutani, mbele ya meza ya pasi, ilining'inia kalenda iliyopitwa na wakati zamani sana. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa kwa sababu ya picha yake. Ilionyesha barabara nyembamba ya lami inayozunguka ziwa katika nchi ya mbali, milima yenye theluji nyuma yake, na mbele kabisa mwanamume na mwanamke juu ya baiskeli, wamewapa watazamaji mgongo. Mke wa fundi alinyoosha mashuka ya wagonjwa, ya waliopona na ya wasiopona, huku macho yake yako kwenye barabara ile. Alikijua kila kijiwe cha ukingo wake. Kitu kimoja tu hakukijua: ilikwenda wapi baada ya kukunja kona na kujificha nyuma ya mlima. "Siku moja nitakwenda nikakunje ile kona," aliwaambia wenzake, nao wakampa jina la Bi Kona. Likamganda hata nyumbani.

Kisha Bi Kona akaanza kugonga vitu. Bega kwenye fremu ya mlango, goti kwenye ndoo. Alikuwa na baiskeli yake ya kwendea kazini, na siku moja akaingia nayo mtaroni mchana kweupe, penye njia pana ya kupita lori. Watu walimwokota wakicheka, naye akacheka nao. Jioni alimwambia mumewe kwamba mtaro ule hakuuona kabisa, na hakuwa anacheka.

Daktari wa macho alikuwa mama mpole mwenye sauti ya chini. Alisema ni presha ya macho. Mshipa ulio nyuma ya jicho unakufa pole pole, kuanzia pembeni kuja katikati. Dawa ya matone itapunguza mwendo wake, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi.

"Haiwezekani kuungwa?" fundi aliuliza.

"Kuungwa nini?"

"Huo mshipa."

Daktari alimtazama akaona kwamba hatanii. "Hapana, baba. Huo hauungwi." Halafu akasema jambo ambalo fundi alilisikia kwa sikio moja: kama kuna kitu mama anatamani kukiona, wasilicheleweshe jambo hilo. Waende mapema.

Njiani kurudi nyumbani, Bi Kona ndiye aliyekuwa akimtuliza mumewe. Fundi alitembea, mikono yake mikubwa inaning'inia bila kazi. Walipofika mlangoni akasema, "Tutakwenda."

"Wapi?"

"Kwenye kona yako."

Bi Kona alikaa juu ya kizingiti akalia kwanza, kisha akakubali, na akatoa sharti. Hatabebwa nyuma kama gunia la mkaa. Anataka kukanyaga pedali mwenyewe, kama yule mwanamke wa kwenye picha. Na kwa kuwa peke yake angeishia mtaroni, fundi akaamua pale pale kwamba atatengeneza baiskeli ya watu wawili: yeye mbele akishika usukani, mkewe nyuma. Kiinua mgongo cha Bi Kona kingelipia safari.

Binti yao, mwalimu katika mji mwingine, aliposikia alipiga simu.

"Baba, kule baiskeli zinakodishwa. Hata hizo za watu wawili zipo. Nendeni tu, mtakodi hukohuko."

"Nimkalishe mama yako juu ya kitu kilichochomelewa na mtu nisiyemjua?"

"Na hiyo ndege mtakayopanda, kaiunda nani?"

"Ya ndege hayanihusu," fundi alisema. "Baiskeli inanihusu."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Lilikuwa kosa la mapenzi, sikatai, lakini mtu akikuumiza kwa mapenzi mfupa unauma vilevile.

Fremu ya kwanza ilipinda katikati walipoikalia wote wawili. Ya pili haikupinda, ila ilikuwa nzito kama geti la benki, na shemeji alipoiona akauliza kama watakwenda nayo ng'ambo au watafungia duka. Fundi akaitupa kwenye chuma chakavu akaanza upya. Alitafuta bomba jepesi, akalikosa, akalipata, akalikataa kwa kuwa lilikuwa na mshono. Miezi ikaenda. Hakuwa mvivu, na ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumgombeza. Mtu anayetoka jasho kwa ajili ya mkewe utamwambia nini?

Naye Bi Kona hakumharakisha. Aliacha kazi kabla ya wakati wake, akasema mashuka yamemchosha. Aliacha kwenda sokoni peke yake, akasema jua siku hizi ni kali. Akimimina chai alitia ncha ya kidole ndani ya kikombe, na fundi akadhani anapima moto wake. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana, fundi alisimama mlangoni akanyanyua vidole.

"Vingapi?"

"Viwili."

Na kweli vilikuwa viwili. Fundi aliondoka roho yake kwatu. Siku moja mkewe akamwambia, "Wewe mtu, huna vidole vingine?" Wakacheka wote, na fundi hakujiuliza zaidi.

Fremu ya tatu ikatoka vile alivyotaka. Ilikuwa ndefu, nyembamba, nyepesi, haina nati hata moja mahali ambapo moto uliweza kufika. Vitako vya viti, shina la usukani, vyote vilichomelewa kwa kipimo cha miili yao wawili. Akaipaka rangi ya buluu, kwa sababu Bi Kona alisema anataka buluu ya lile ziwa. Akaisugua, akaipaka tena. Wakati huo alikuwa akipiga mbinja kutwa nzima, jambo ambalo majirani hawakuwahi kulisikia kutoka kwake, na akila alikula amesimama.

Siku ya majaribio mtaa ulisimama kuwatazama. Wazee wawili juu ya baiskeli moja, yeye ameng'ang'ania usukani, mkewe nyuma akikanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika na kucheka mpaka mtandio ukadondoka. Hawakuurudia.

"Mwenzangu, njia unaiona?" fundi alipaza sauti.

"Mgongo wako umeziba dunia nzima," Bi Kona alijibu. "Kanyaga."

Kuhusu mzigo, kampuni ya ndege aliiuliza kilo tu. Wakamtajia, akapima, akakuta ziko chini, akaridhika. Msimcheke. Katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na chombo kilichoshindwa kubeba geti kwa ajili ya urefu. Geti likizidi gari, unafunga kitambaa chekundu kwa nyuma, unaendelea na safari yako. Ndivyo walivyokwenda uwanja wa ndege siku ile, baiskeli juu ya lori la shemeji, kitambaa chekundu kinapepea nyuma yake, na shemeji akiuliza njia nzima kama rubani naye atafunga kitambaa.

Lori halikuruhusiwa kusimama mlangoni. Shemeji alilipeleka kwenye maegesho, na fundi akaingia ndani akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshikwa na mkewe. Alimkalisha kwenye benchi pamoja na mabegi, akasogea kaunta, hatua chache tu kutoka pale.

Msichana wa kaunta aliisifu baiskeli kwanza. Kisha akatazama mdomo wa mashine ya kukagulia mizigo, akaitazama baiskeli tena.

"Mzee, hii haiingii."

"Uzito nimepima, mwanangu."

"Si uzito. Ni urefu. Na inatakiwa iwe kwenye boksi. Inakunjwa?"

"Haikunjwi."

"Basi fungua hapa katikati, tutatafuta namna ya kuifunga."

"Haifunguki."

"Fundi aliyeitengeneza hakuweka nati?"

Fundi alitazama mikono yake. "Fundi ni mimi," alisema.

Msichana hakuwa na roho mbaya. Alimwita mkubwa wake, wakanong'ona, mkubwa akatikisa kichwa. Mzigo wa urefu ule unasafirishwa kwa njia nyingine na unaombewa mapema. Tiketi zao hazibadilishwi. Wanaweza kusafiri na kuiacha, au iwe fupi. Kaunta itafungwa muda si mrefu.

Fundi alirudi kwenye benchi. Bi Kona alikuwa amesikia kila neno.

"Tuiache," alisema. "Kaka ataturudishia nyumbani. Tutakodi kule, kama binti alivyosema."

"Nimeitengeneza kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia usije ukaishika na msumeno. Nakujua wewe, ukiikata hutakaa sawa tena. Uniahidi."

"Nitakwenda kuongea nao," fundi alisema, na hakuahidi.

Alitoka nayo nje mpaka kwenye maegesho. Shemeji alipomwona anarudi na baiskeli, mdomo ulikuwa umeshafunguka kwa utani, akaufunga.

"Una msumeno wa chuma humo?"

"Ninao. Wa nini?"

"Ulete."

Waliilaza baiskeli juu ya ukingo wa saruji. Fundi alimtaka shemeji akate, yeye ashike. Shemeji akakataa. "Hapana, shemeji. Hiyo kata mwenyewe. Mimi nitashika." Fundi aliweka msumeno, akauondoa, akauweka mahali pengine. Kila alipoweka alikumbuka siku aliyochomelea pale. Mwisho akachagua katikati ya bomba, mbali na maungio yote, akafumba macho na kuvuta mara ya kwanza. Rangi ya buluu ilitoka unga. Alikata huku pua inamtiririka na hakuifuta. Aliwaza kwamba huko waendako itabidi amtafute mtu wa kuiunga, mtu asiyemjua wala kuijua lugha yake, na mkewe atakaa juu ya mkono wa mtu huyo. Lakini ataikunja kona yake. Hilo tu ndilo lililousukuma msumeno. Bomba la mwisho lilipokatika, gurudumu la nyuma liliangukia upande wake na la mbele upande wake, na cheni ikabaki inaning'inia. Shemeji aligeuka akatazama magari.

Fundi alivipanga vipande viwili juu ya kitoroli cha mizigo akaingia navyo. Njiani alijifunza maneno ya kusema: nimeikata, mwenzangu, unisamehe, tutaiunga kule. Alifika mbele ya benchi akasimama, karibu kabisa. Mabomba ya buluu yalikuwa yamekomea hewani, ncha zake zimebaki chuma cheupe. Magurudumu yalitazama huku na huku. Mtu angeona kosa lile akiwa mlango wa pili.

Bi Kona aliinua uso kufuata mlio wa kitoroli. Akatabasamu.

"Wamekubali?"

Fundi alidhani anamkejeli, akaona anastahili. 

"Nimekuwa nikiomba hapa moyoni," mkewe aliendelea, macho yake yako juu ya vile vipande. "Nikasema huyu mtu ataikata, namjua. Afadhali. Tazama ilivyo nzima, na rangi yake humu ndani imependeza kupita kule nje."

Fundi alisubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa anaisifu baiskeli kwa moyo wote. Basi fundi akakishika kipande cha mbele, akakiinua juu ya kitoroli, akakileta mpaka usoni pa mkewe, usukani karibu umguse paji. Bi Kona hakupepesa. Aliendelea kutabasamu, akitazama kupitia palepale ulipo usukani.

"Mbona huongei?" aliuliza.

Fundi alikirudisha kipande chini taratibu, kisipige kelele. Alielewa, na alitamani asingeelewa. Mkewe hakuwa anasafiri kwenda kuona kitu. Alikuwa anasafiri kwa sababu mumewe alitengeneza baiskeli na kupiga mbinja. Miezi yote ile aliyokuwa akipinda mabomba, kutupa na kuanza upya, macho yale yalikuwa yakimalizika nyumbani kwake, hatua chache kutoka karakana, na yeye ndiye aliyekuwa amevaa miwani nyeusi. Daktari aliwaambia waende. Binti akawaambia wakakodi. Yeye akachomelea. Hata ndege ipae sasa hivi, hata vipande hivi viungwe na fundi bora kuliko wote huko ng'ambo, Bi Kona ataikunja kona yake gizani. Alimkasirikia kwa kumficha, hasira ikadumu kama pumzi moja, kisha ikamgeukia mwenyewe, na hapo haikuwa na pa kwenda.

Msichana wa kaunta aliwaita. "Mzee, tunafunga."

"Wanafunga," Bi Kona alisema. "Kwani wamekubali au hawakukubali?"

"Wamekubali," fundi alisema.

"Ikiwa nzima?"

"Nzima."

Bi Kona alisimama, akajinyoosha nguo, na uso wake ulikuwa na furaha ya msichana. Alinyoosha mkono kuitafuta baiskeli ili aende ameishika, na vidole vyake vilikuwa vimekaribia pale msumeno ulipoacha meno kwenye bomba. Fundi aliudaka mkono ule hewani, akaubana ndani ya wake.

"Twende," alisema. "Tumechelewa."